Kutibu maji ya tangi kwa klorini dayoksaidi, na kupima kama dawa imefanya kazi

Kijichupa kilikuwa kimegeuka pinki nzuri tu. Nikakilinganisha na diski ya rangi, nikaandika kwenye daftari: miligramu 0.6 kwa lita, sawa. Fundi aliyekuwa akinifundisha kazi, mzee wa siku nyingi kwenye mabomba, akakichukua na kukitazama kama mtu anayekagua noti asiyoiamini.

"Mwanangu, hiyo pinki ni ya klorini ipi?"

"Sijui, mzee."

Tulikuwa juu ya paa la nyumba ya wageni huku Pwani. Dawa niliyotia ni klorini dayoksaidi, na maji yenyewe ni ya bomba la mji, ambayo huja tayari na klorini yake ya kawaida. Mzee akatoa kidonge cha glisini, kinachoizima klorini ya kawaida tu, tukapima upya maji yaleyale. Safari hii rangi ilitoka hafifu, haikufika hata 0.1. Dawa yangu ilikuwa imekufa, maana chupa nilikuwa nimeiacha juani siku mbili. Pinki yote ile ilikuwa ya klorini ya mji.

Tangu siku ile, kwangu kutia dawa ni nusu tu ya kazi, na ile nusu rahisi. Kwa hiyo usishangae sehemu ya kupima ikiwa ndefu kuliko ya kutia.

Unaihitaji kweli?

Kama shida yako ni ndoo mbili za maji ya kunywa nyumbani, acha kusoma hapa, nenda dukani ukanunue WaterGuard au vidonge vya Aquatabs. Hiyo ni klorini ya kawaida, ina bei nafuu, na vijidudu vya kipindupindu na vya homa ya matumbo inaviua vizuri ukifuata maelezo ya pakiti. Klorini dayoksaidi ni jambo jingine. Jina linafanana, lakini si klorini ileile iliyoongezwa nguvu. Ni gesi ya rangi ya manjano inayoelekea kijani. Huchemka kwenye nyuzi 11 tu za Selsiasi, kwa hiyo kwa joto letu muda wote inatafuta njia ya kutoka ndani ya maji.

Inafaa wapi basi? Kwanza, kwenye maji ya kisima kirefu yenye pH ya juu. Klorini ya kawaida hulegea pH ikipita 8, lakini hii hufanya kazi bila shida kuanzia 5 mpaka 10. Pili, kwenye mabomba marefu ya hoteli, hospitali au hosteli yaliyoota utando ndani, ule ute unaoteleza ukiingiza kidole kwenye koki. Tatu, kwa maji yenye harufu ya ajabu. Ndiyo iliyowasukuma Wamarekani kuanza kuitumia kwenye mtambo wa maji wa Niagara Falls mwaka 1944, ambako maji yalikuwa na ladha mbaya ya fenoli. Nne, kwa msafiri: vidonge vyake huua hata Cryptosporidium, kijidudu ambacho klorini ya kawaida karibu haikigusi, ila unasubiri saa 4 badala ya nusu saa.

Halafu kuna jambo ambalo sitalizungushia maneno. Dawa hii imewahi kuuzwa kama "tiba ya miujiza" kwa kifupi cha MMS, ya kunywa kwa malaria, UKIMWI, saratani, na baadaye Uviko. Mwaka 2019 magazeti yaliripoti kwamba ilikuwa ikigawiwa kupitia makanisa nchini Uganda. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilikuwa imeshaonya tangu 2010, na ikaonya tena 2019. Kinachoua vijidudu ndani ya tangi kwa chini ya miligramu moja kwa lita hakigeuki kuwa dawa ya mtu kwa kuongezwa mara mamia. Kinaunguza utumbo na kuharibu damu. Maelezo yote yanayofuata ni ya maji tu.

Namba za kubandika ukutani

Kabla hujafungua chupa, elewa mipaka. Marekani hairuhusu klorini dayoksaidi ipite miligramu 0.8 kwa lita kwenye maji ya kunywa. Lakini kinachobana zaidi ni mabaki yake. Dawa ikishafanya kazi, nusu mpaka asilimia 70 yake hugeuka kuwa kloraiti, na Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha kloraiti kuwa 0.7. Piga hesabu mwenyewe: ukitia miligramu 1 kwa lita, na asilimia 70 ikageuka, umefika ukingoni. Kwa hiyo mimi sivuki 1 kwa jumla, yaani ukihesabu dawa yote uliyotia kwenye maji hayo, hata kama uliirudia.

Kloraiti hushambulia chembe nyekundu za damu. Watoto wachanga ndio wa kuangaliwa kwanza, pamoja na watu wenye upungufu wa G6PD, hali ya kurithi ambayo si ngeni kwenye maeneo yenye historia ya malaria kama yetu. Na kama tangi lako linalisha kituo cha kusafisha damu kwa wagonjwa wa figo, usitie chochote kabla ya kuzungumza na wahusika wa mashine. Maji ya pale hayatakiwi kuwa na dawa hii wala kloraiti yake.

Vifaa

Nunua dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya maji ya kunywa. Huja kwa namna mbili: vidonge, au chupa mbili zinazochanganywa, moja ya msingi na nyingine ya kuamsha. Tafuta kwenye lebo alama ya NSF/ANSI 60, kiwango cha dawa zinazotiwa kwenye maji ya kunywa, na nguvu ya mchanganyiko ulio tayari. Iliyo ya kawaida kwenye kazi zangu ni asilimia 0.3, yaani miligramu 3 kwa kila mililita. Usijaribu kujitengenezea kwa unga wa kloraiti na asidi ya betri uliyoona kwenye video. Gesi hii ikifika asilimia 10 hivi ya hewa iliyofungiwa inaweza kulipuka.

Vingine ni glavu za mpira, miwani ya kuziba, bomba la sindano la mililita 10 lisilo na sindano, jagi lenye alama za mililita, ndoo ya lita 20 yenye mfuniko unaobana, na seti ya kupimia. Ukibanwa na bajeti, punguza kwingine kote lakini si kwenye seti ya kupimia. Unahitaji kijichupa cha mililita 10, diski ya rangi au kisomeo cha kielektroniki, vidonge vya DPD namba 1 (ndivyo vinavyotoa ile pinki), na vidonge vya glisini. Karatasi za kuchovya zipo, nami hubeba pakiti moja, lakini zinakuambia "ipo" au "haipo", hazikuambii 0.3 au 0.5.

Hatua ya 1: Safisha tangi kwanza

Dawa hii inakula uchafu wowote inaoukuta. Ukiitia kwenye tangi lenye tope chini, umelisha tope. Toa maji yote, sugua kuta na sakafu kwa brashi, toa tope, suuza. Tangi lililokaa miaka bila kuguswa mimi huliua vijidudu kwa klorini ya kawaida: unga wa HTH wa asilimia 65, gramu 77 kwa kila lita 1,000, ambao unatoa miligramu 50 kwa lita. Koroga unga kwenye ndoo ya maji kwanza, mimina, jaza tangi, acha saa 24, kisha mwaga yote na suuza. Maji hayo hayanywewi.

Angalizo ambalo halina mjadala: unga wa HTH na chupa za klorini dayoksaidi visikutane, si kwenye ndoo, si kwenye rafu moja ya stoo, wala kwa kijiko kimoja. Vikigusana vinaweza kuwaka moto. Hata kitambaa ulichofutia tone la chupa ya msingi, ukikiacha kikakauka, kinawaka kwa cheche ndogo. Kisuuze kwa maji mengi wakati bado kimelowa.

Hatua ya 2: Jua maji yako ni lita ngapi

Tangi limeandikwa 5,000, lakini boya linakata maji mapema, na chini kuna nafasi isiyofikiwa na bomba la kutolea. Pima. Kipenyo cha ndani mita 1.8, nusu yake ni 0.9. Kina cha maji mita 1.6. Basi 3.14 × 0.9 × 0.9 × 1.6 ni mita za ujazo 4.07, yaani lita 4,070. Ungefuata maandishi ya tangi ungezidisha dawa kwa karibu robo.

Hatua ya 3: Jaribio la ndoo

Hapa ndipo wengi wanaruka, na hapa ndipo maji yanapokuambia hali yake. Kila maji yana njaa yake: ya mvua kutoka bati hula kidogo, ya boza hula kutegemea boza lilibeba nini jana, ya kisima chenye chuma hula sana.

Chota lita 20 za maji yaleyale. Tayarisha dawa kwa kufuata lebo, na usubiri muda wote wa kuamka ulioandikwa, usikatishe. Kwa lengo la miligramu 0.8 kwa lita unahitaji miligramu 16, ambazo kwa dawa ya asilimia 0.3 ni mililita 5.3. Vuta kwa bomba la sindano, ingiza mdomo wake chini ya uso wa maji, sukuma taratibu, koroga mara mbili tatu bila kufanya povu, funika. Weka kivulini kwa dakika 30, kisha pima kama nitakavyoeleza.

Tuseme umepata 0.38. Maji yamekula 0.42. Je, 0.38 inatosha? Wataalamu huzidisha kiasi kilichobaki kwa dakika. Jedwali la Marekani linasema kwa maji ya nyuzi 25, Giardia, kijidudu cha kuharisha, huhitaji 11 na virusi huhitaji 8.4. Wewe una 0.38 × 30, ambayo ni 11.4. Umepita, kwa nafasi ndogo. Ukisubiri saa nzima unapata nafasi ya kupumua. Maji ya baridi ya Lushoto au Limuru yanataka muda mrefu zaidi: kwa nyuzi 15, Giardia hiyohiyo huhitaji 19. Cryptosporidium ni habari nyingine kabisa, yeye anahesabiwa kwa mamia.

Na kama baada ya nusu saa hakuna kilichobaki? Usikimbilie kuongeza. Kumbuka ule ukingo wa 1. Maji yanayomaliza 0.8 ndani ya nusu saa yanataka kuchujwa au kutuama kwanza, la sivyo unanunua kloraiti kwa bei ya klorini dayoksaidi.

Hatua ya 4: Kutia kwenye tangi

Fanya jioni au asubuhi mapema. Mwanga wa jua huivunja dawa hii, ndiyo maana tangi jeusi ni bora kuliko lile jeupe linalopenyeza mwanga. Kwa lita 4,070 na lengo la 0.8 unahitaji miligramu 3,256, sawa na mililita 1,085 za dawa ya asilimia 0.3.

Jaza tangi mpaka nusu, tia dawa kupitia mpira uliozama ndani ya maji, kisha endelea kujaza ili maji yanayoingia yakoroge yenyewe. Ukimimina kutoka juu, gesi inabaki hewani, nawe ndiye unayeivuta. Kiwango kinachoruhusiwa kwa mfanyakazi kwa siku ya saa 8 ni sehemu 0.1 katika milioni ya hewa, na pua ya kawaida huanza kunusa karibu na hapohapo. Kwa maneno mengine, ukisikia harufu umeshafika kikomo. Usiingize kichwa kwenye tundu la tangi. Fungua mfuniko, rudi nyuma, uache upepo upite, ndipo ufanye kazi ukiwa umesimama upande upepo unakotoka.

Funga koki zote kwa dakika 30, au kwa muda ulioupata kwenye ndoo.

Hatua ya 5: Kupima

Nenda kwenye koki ya mbali kuliko zote, siyo iliyo chini ya tangi. Fungua ule mdomo wa koki unaochanganya maji na hewa, uweke pembeni, kwa sababu mapovu hubeba gesi yako. Acha maji yatiririke polepole dakika moja au mbili. Suuza kijichupa mara tatu kwa maji hayohayo, kisha kijaze maji yakiteleza ukutani mwake, bila kurusha. Pima palepale. Sampuli iliyopanda bodaboda kwenda ofisini imeshapoteza gesi njiani.

Kama una kisomeo cha kielektroniki, kipe sifuri kwa maji yasiyo na kidonge. Tia kidonge cha glisini kwenye mililita 10, kiponde kwa kijiti safi cha seti, siyo kwa kidole, acha kiyeyuke. Glisini huikamata klorini ya kawaida na kuiacha klorini dayoksaidi ilivyo. Ndipo utie DPD namba 1, uponde, uyeyushe, na usome ndani ya dakika moja. Ukichelewa rangi inaendelea kukolea kwa sababu nyingine, na utajidanganya. Diski itazame kwa mwanga wa dirishani. Taa ya manjano ya bafuni inapotosha jicho, na jua la moja kwa moja vilevile.

Sasa tazama diski yako imeandikwa nini. Nyingi husoma kwa kipimo cha klorini ya kawaida. Hapo zidisha kwa 1.9. Ukisoma 0.2, una klorini dayoksaidi 0.38. Kisomeo chenye kitufe maalumu cha dawa hii kimeshazidisha chenyewe, usizidishe tena. Nimewahi kuona daftari la mtu lenye namba za kutisha, kumbe alizidisha mara mbili mwezi mzima.

Ukitaka kujua na klorini ya mji iliyomo, pima kijichupa cha pili bila glisini. Tofauti ya masomo mawili, kwa kipimo cha klorini, ndiyo klorini ya kawaida. Siku ile juu ya paa: bila glisini 0.6, na glisini chini ya 0.1.

Mitego ya kipimo

Mbaya kuliko yote ni kijichupa kinachobaki cheupe wakati maji yana dawa nyingi kupita kiasi. Dawa ikizidi sana inaifuta rangi ya DPD. Unaona pinki ikimulika sekunde moja pale kidonge kinapogusa maji, kisha inapotea, nawe unaandika sifuri na kuongeza dawa. Ukiona mmuliko huo, au harufu kali na kijichupa cheupe, chukua mililita 1 ya sampuli, changanya na mililita 9 za maji yasiyo na klorini yoyote, pima, zidisha kwa 10. Jibu halitakuwa kamili kwa sababu gesi hupotea ukichanganya, lakini litakuambia kama umezidisha. Maji hayo yasinywewe mpaka yapunguzwe kwa maji mengine.

Maji ya kisima yenye manganizi nayo hutoa pinki ya uongo dawa ikishaibadilisha. Dalili yake ni masalia meusi kwenye ndoo nyeupe na kwenye tangi la choo. Kwa maji ya namna hiyo peleka sampuli moja maabara ili ujue unashindana na nini. Kloraiti nayo ipimwe hukohuko maabara, seti ya mfukoni haiipimi kwa njia ya kuaminika.

Vidonge vya DPD vilivyopata unyevu huwa na madoa ya pinki kabla hujavitumia. Tupa. Huku Pwani mimi huweka pakiti kwenye mkebe wa maziwa ya unga pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya.

Kuendelea nalo

Wiki ya kwanza pima kila siku, asubuhi kabla watu hawajaanza kuoga na jioni, kwenye koki ya karibu na ya mbali. Andika saa, koki, somo, na siku dawa ilipoamshwa. Koki ya mbali ikisoma karibu na sifuri huku ya karibu ikisoma 0.4, utando ungali ndani ya bomba, au kuna kipande cha bomba kisichotumika ambamo maji yamelala. Tafuta hicho kipande ukikate kabla ya kufikiria kuongeza dawa.

Dawa iliyoamshwa iweke kwenye chupa nyeusi iliyojaa mpaka shingoni, mahali pa baridi na giza, na uitumie ndani ya siku zilizoandikwa kwenye lebo. Kabla ya kila matumizi itazame kwenye glasi: ile hai ina manjano ya wazi, iliyokufa imekaribia kuwa maji. Yangu ya siku ile, nilipoimimina hatimaye kwenye glasi, ilikuwa nyeupe pe.